UZI: Unajenga mteremkoni Kigoma? Yape maji njia kwanza, kuziba kunafuata

Mjenzi wa Mteremko (mleta uzi)

Habari zenu wadau wa ujenzi. Uzi huu ni mrefu, lakini kama una kiwanja Mwanga, Gungu, Bangwe au popote penye mwinamo, usome wote kabla hujaita katapila.

Kila mwaka mvua zikikolea, simu ninazopigiwa zinafanana. "Fundi, chumba cha chini kinatoa jasho." "Fundi, ukuta wa nyuma umeanza kulala." Wanaopiga si watu waliobana pesa. Wengi waliweka nondo za kutosha, wakapaka lami, wakapiga plasta ya nguvu. Inaniuma, kwa sababu kilichokosekana ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote hivyo: hakuna aliyejiuliza maji yatakayokaa nyuma ya ukuta yatatokea wapi.

Mji wetu unajulikana. Kiwanja kinashuka kuelekea ziwani, kwa hiyo mtu anakata kilima apate tambarare. Nyumba inasimama, chumba cha chini mbele kina mlango unaotazama barabara, nyuma kimeegemea udongo mpaka darini. Hiyo ni besmenti, hata kama umeiita duka au stoo. Na ule ukuta wa nyuma ni ukuta wa kuzuia udongo, hata kama ramani imeuchora kama ukuta wa kawaida. Ukiujenga kwa tofali za inchi sita umejenga mtego.

Tuanze na nguvu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika. Chukua ukuta wa kimo cha mita 3. Udongo wa kawaida, mkavu, unausukuma kwa karibu tani 2.7 kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta. Mhandisi anazipigia hesabu hizo, ukuta unasimama, kiangazi chote kinapita salama. Sasa mvua inanyesha, udongo unashiba, maji yanajaa mpaka juu na hayana pa kutokea. Maji peke yake yanasukuma tani 4.5 kwa kila mita. Ongeza udongo uliolowa, jumla inakaribia tani 6. Ukuta ni uleule, nondo ni zilezile, mzigo umezidi mara mbili. Ndiyo maana kuta nyingi huanguka usiku wa mvua kubwa, si mchana wa Agosti, na ndiyo maana mwenye nyumba husema "ulikaa miaka mitatu bila shida".

Ukiyatoa yale maji, mzigo unarudi kwenye hesabu ya mwanzo. Na ukuta usiosukumwa na maji hauvuji, au ukivuja ni unyevu kidogo unaozuilika. Kwa hiyo njia ya maji inafanya kazi mbili: inaulinda ukuta usianguke na inalinda chumba kisilowe. Lami inafanya nusu ya kazi ya pili tu.

Kabla ya kuchimba

Viwanja vyetu wengi wanavinunua na kuvikagua kiangazi, Juni mpaka Septemba, udongo ukiwa mkavu kama unga. Usiuamini. Angalia majani: sehemu inayobaki kijani Agosti wakati jirani yake pamekauka, chini yake kuna maji. Matete yakiota katikati ya mteremko, hapo kuna chemichemi. Waulize wazee wa mtaa huo maji ya mvua yalikuwa yanapita wapi kabla barabara haijachongwa. Ukiweza, chimba shimo la kina kinachozidi msingi wako kidogo, uliache mpaka Machi, upime maji yanasimama wapi. Shimo hilo litakuambia mengi kuliko mimi.

Angalia pia nani yuko juu yako. Shimo la choo la jirani wa juu likiwa karibu na ukuta wako, hutapambana na mvua peke yake, utapambana na maji machafu mwaka mzima.

Njia yenyewe ya maji

Nyuma ya ukuta, chini kabisa, usawa wa kitako cha msingi na si juu ya jamvi (sakafu ya zege) la ndani, inalazwa bomba ya plastiki yenye matundu, inchi nne. Iteremke angalau sentimita 1 kwa kila mita, na mwisho wake utokeze mahali pa wazi unapopaona kwa macho. Izungushiwe kokoto safi, zisizo na vumbi. Kokoto hizo zipande nyuma ya ukuta, unene wa sentimita 30, mpaka karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo inawekwa jiotekstaili, kile kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo.

Kitambaa hicho ndicho mafundi wengi wanakiruka. Udongo wetu mwekundu wa huku juu una chembe laini sana. Bila kitambaa, mvua chache tu zinaingiza tope ndani ya kokoto, bomba inaziba, na umerudi pale ulipoanza, safari hii na mita tatu za kifusi juu yake. Mahali kitambaa hicho hakipatikani, watu hupanga mchanga mnene, halafu kokoto ndogo, halafu kubwa. Inasaidia, ila inadai fundi mwenye subira, maana tabaka zikichanganyika kazi imeharibika.

Weka na mdomo wa kuzibulia: mwisho wa juu wa bomba upandishe mpaka usawa wa ardhi, ufunike kwa kizibo. Siku ikipungua nguvu unaingiza mpira wa maji na kuisafisha.

Juu ya yote jenga mtaro wa zege au mawe uliosakafiwa, nyuma ya kichwa cha ukuta, unaokamata maji ya juu kabla hayajazama. Na maji ya paa! Nimeona nyumba nzuri ambazo mabomba ya paa yanamwaga nyuma ya ukuta huohuo. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 40 linakusanya lita 6,000. Hizo zote unazimimina mwenyewe kwenye mgongo wa ukuta wako.

Zege

Ukuta wa chini ya ardhi ni wa zege lenye nondo, uliochorwa na mhandisi aliyesajiliwa. Hapo sitaki mjadala. Ninachotaka kusema ni kile kinachoharibika saiti hata michoro ikiwa mizuri.

La kwanza ni maji ya kuchanganyia. Kwa zege lisilopitisha maji, mfuko wa kilo 50 unataka lita 22 au 23, na humo umo unyevu ulioko kwenye mchanga. Vijana wakichoka kusukuma toroli, mmoja anaongeza ndoo "liteleze". Yale maji ya ziada yakikauka yanaacha vijinjia vyembamba ndani ya zege, na ndivyo vitakavyopitisha maji ya mvua. Ukitaka zege laini, nunua dawa ya kulainisha. Ndoo iondolewe kabisa karibu na mashine.

La pili ni nondo. Nondo za milimita 12 kila sentimita 15 na nondo za milimita 20 kila sentimita 40 zina chuma karibu sawa. Lakini zile nyembamba zilizokaribiana zinayafanya mapasuko yawe mengi na membamba sana, zile nene zinaacha mapasuko machache mapana. Maji yanapita kwenye mapana. Kanuni za Waingereza ambazo wahandisi wetu wengi wamesomea ziliweka kikomo cha upana wa pasuko kuwa milimita 0.2 kwa majengo ya kuhifadhi maji. Fundi akikuambia "tupanue nafasi tutumie nondo nene, ni yaleyale", si yaleyale.

La tatu, na hili ndilo ninalolisimamia mwenyewe hata niwe nimechoka, ni kiungo cha jamvi na ukuta. Unamwaga kitako leo, ukuta unamwagwa wiki ijayo. Zege jipya halishikani na la zamani kama zege moja. Asilimia kubwa ya mavujo ninayoitiwa yanaanzia hapo, sentimita chache juu ya sakafu. Kinachotakiwa ni hiki: pamoja na kitako, mwaga kisigino cha ukuta kimo cha sentimita 15 hivi, ili kiungo kisikae kwenye kona. Katikati ya unene wa ukuta simamisha mkanda wa plastiki wa kuzuia maji, nusu ubaki ndani ya zege la leo, nusu usubiri la wiki ijayo. Ufungwe kwa waya kwenye nondo usilale. Zege likianza kushika, masaa machache baada ya kumwaga, piga uso wake kwa brashi ya waya na maji, utoe ule uji mweupe wa saruji uliopanda juu mpaka kokoto zionekane vichwa. Siku ya kumwaga ukuta, ondoa vumbi, vipande vya mbao, majani, ganda la karanga, kila kitu. Lowesha. Kisha zege la kwanza litiwe kwa tabaka la chini ya nusu mita na vibreta (mashine ya kutikisa zege) ifike mpaka chini. Ukimwaga kutoka juu kwa kimo chote, kokoto zinatangulia, saruji inabaki kwenye nondo, na chini unapata kokoto tupu zisizo na uji. Hapo utavujiwa mpaka wajukuu.

Baada ya kufungua mbao, funika kwa magunia yaliyolowa siku 7 kwa uchache. Jua letu la Agosti na upepo wa ziwani vinakausha ukuta kwa asubuhi moja.

Kuziba, sasa

Kuziba kunafanywa upande wa nje, ule unaogusana na udongo, kabla ya kufukia. Maji yakisukuma, yanaubana utando kwenye ukuta. Ukiziba kwa ndani, maji yanausukuma utando utoke.

Lami ya kupaka kwa brashi inazuia unyevu, haizuii maji yenye kina. Tumia karatasi za lami za milimita 4 zinazochomelewa kwa gesi, au za kujibandika. Uso uwe mkavu, matundu yamezibwa, pembe kali kati ya kitako na ukuta ijazwe chokaa cha saruji kwa mshazari wa sentimita 5, maana karatasi ikikunjwa pembe kali inapasuka. Maungio yapandiane sentimita 10. Ipande mpaka sentimita 15 juu ya ardhi ya mwisho. Halafu ikingwe kwa ubao mgumu wa plastiki au ukuta mwembamba wa tofali, kwa sababu kifusi chenye jiwe moja la ncha kinaitoboa na hakuna atakayejua.

Piga picha kila hatua, piga picha kila kiungio. Baada ya kufukia hutaona tena.

Kufukia ni tabaka za sentimita 20 mpaka 30, zinashindiliwa kwa mashine ndogo ya mkono karibu na ukuta. Katapila na rola zikae mbali. Na muulize mhandisi swali hili kwa mdomo: "Ukuta huu unaruhusiwa kubeba udongo kabla ya sakafu ya juu kumwagwa?" Kuta nyingi za besmenti zimepigiwa hesabu zikiwa zimeshikwa juu na sakafu. Ukifukia kabla, umeusimamisha peke yake na mzigo ambao haukuandaliwa.

Karibuni kwa maswali.

---

Dada wa Gungu

Ahsante sana kaka, Mungu akubariki. Mimi ukuta wangu wa uani ni wa mawe, kimo kama mita moja na nusu, hauna chumba nyuma yake. Fundi ameacha matundu lakini hayatoi maji hata mvua ikinyesha. Ina maana udongo wangu ni mkavu?

Mjenzi wa Mteremko

Dada yangu, ukitaka kujua chukua nondo nyembamba, ingiza kwenye tundu la chini kabisa. Ikigonga udongo mgumu karibu na mdomo, nyuma hakuna kokoto na tundu limeziba. Ikiingia vizuri na ikatoka kavu baada ya siku mbili za mvua, una bahati ya udongo unaopitisha.

Ukuta wa mawe usio na chumba hauhitaji kuzibwa kwa utando. Wenyewe unataka matundu ya inchi tatu hivi, kila mita moja na nusu au mbili, mstari wa chini uwe juu kidogo ya ardhi ya mbele, na nyuma ya kila tundu pawe na kokoto na kitambaa. Angalia pia kama ukuta umetoa tumbo. Ukiona tumbo katikati, usisubiri masika yajayo, ita mhandisi.

Mpangaji Mwanga

Mimi nyumba imeshajengwa, ni ya mzee wangu. Ukuta wa nyuma wa chumba cha chini unatoa unga mweupe na plasta inavimba halafu inabanduka. Tumeambiwa tubandue plasta tupige nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Wamekuja mafundi wawili tofauti, jibu lao moja.

Mjenzi wa Mteremko

Mpe mzee shikamoo yake kwanza, na mwambie asitoe hela bado.

Ule unga mweupe ni chumvi za saruji na udongo. Maji yanaziyeyusha, yanazipitisha ukutani, yakikauka yanaziacha usoni. Zikikauka chini ya plasta zinavimba na kuisukuma. Plasta mpya yenye dawa nayo itasukumwa vivyo hivyo, na pengine maji yatahamia juu au kwenye chumba cha jirani.

Fanyeni kwa mpangilio huu. Nyuma ya nyumba, tazameni maji ya paa na maji ya juu yanaenda wapi, myahamishe. Hilo peke yake nimeona likikausha vyumba. Kama bado, chimbeni nyuma ya ukuta kwa vipande vya mita mbili mbili, si urefu wote mara moja, mhandisi akiwepo. Wekeni bomba na kokoto, zibeni kwa nje, fukieni, hamieni kipande kingine. Pasipochimbika kwa sababu ya nyumba ya jirani, ndipo tunaingia ndani: rojo ya saruji yenye kemikali inayojijenga ndani ya vinyweleo vya zege, inapakwa kwenye zege tupu lililokwanguliwa. Kama ukuta ni wa tofali rojo hiyo haisaidii sana. Hapo ni bora karatasi ngumu ya plastiki yenye vinundu, inasimamishwa mbele ya ukuta, maji yanashuka nyuma yake mpaka kwenye kijitaro cha sakafuni na kutolewa nje. Ukuta unaendelea kulowa, chumba kinabaki kikavu.

Mhandisi Kijana

Uzi mzuri mkuu. Naomba niongeze, na kidogo nipingane. Unayosema ni ya mteremkoni. Kibirizi na maeneo ya chini ya Ujiji mambo ni mengine. Pale maji ya ardhini yanafuata usawa wa ziwa. Ukiweka bomba ya kutoa maji, unataka kulitoa Ziwa Tanganyika kwa bomba ya inchi nne.

Na ziwa halikai sehemu moja. Linatokea kwenye mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo miaka ya mvua nyingi linapanda na kukaa juu muda mrefu. Miaka ya 1870 lilipanda sana, kizuizi cha Lukuga kikazolewa, likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana pale Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, leo maji yako mbali. Likapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miaka hii ya 2020 sote tumeliona Kibirizi.

Huko chini besmenti inatakiwa iwe sanduku zima la zege: sakafu, kuta na viungo, vyote vya kuzuia maji. Halafu kuna kuelea. Maji yakiwa mita 1 juu ya usawa wa chini wa sakafu, yanaisukuma juu kwa tani 1 kila mita ya mraba. Jamvi la sentimita 15 lina uzito wa tani 0.36 tu. Litapasuka au litanyanyuka. Hata tangi la chini likiwa tupu linaweza kupanda.

Mjenzi wa Mteremko

Umenena, mhandisi, na sipingi hata neno. Mimi mtu wa Kibirizi akiniuliza besmenti, namwambia apandishe nyumba, asiishushe. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni, kifungu cha 57. Hizo mita watu wanaziona kama usumbufu, lakini mwaka ziwa linapopanda ndizo zinazookoa.

Kile kiwango cha Waingereza cha kuzuia maji kwenye majengo ya chini ya ardhi, BS 8102, kilichofanyiwa marekebisho 2022, kinataja njia tatu: kuzuia kwa utando, zege lenyewe kuzuia, na kuyapokea maji ndani na kuyatoa. Kwenye chumba cha thamani kinashauri uziunganishe mbili badala ya kutegemea moja. Mteremkoni, zege zuri na bomba la nje ndiyo ndoa yangu.

Mtafutaji

Wakuu, bajeti imebana. Kati ya karatasi za lami, kokoto na kitambaa, na dawa ya kuzuia maji ya kuchanganya kwenye zege, nipunguze nini? Chumba ni stoo ya mawese na chumvi, si cha kulala.

Mjenzi wa Mteremko

Kokoto, kitambaa na bomba usiguse. Nondo na vipimo vya mhandisi usiguse. Mkanda wa kiungo usiguse, bei yake ni ndogo. Kwa stoo, na kwa sharti kwamba maji yana njia, karatasi za lami unaweza kubadilisha na rojo ya saruji inayopakwa kwa nje, mikono miwili. Dawa ya kwenye zege iache, tumia fedha hiyo kumlipa mtu wa kusimamia ndoo ya maji siku ya kumwaga. Mawese yapange juu ya mbao, yaachie nafasi ya mkono na ukuta. Chumvi inavuta unyevu hata wa hewani, hiyo ipandishe vyumba vya juu.

Mpangaji Mwanga

Mkuu, ile karatasi ya vinundu, maji yakifika kwenye kijitaro yanatolewa na pampu? Umeme ukikatika usiku wa mvua je?

Mjenzi wa Mteremko

Pampu mnaihitaji pale tu sakafu ikiwa chini ya ardhi pande zote. Nyumba ya mzee mbele kuna mlango wa barabarani, sivyo? Basi kijitaro kielekeze mbele, kipite chini ya kizingiti kwa bomba ya inchi mbili, kitokee kwenye mtaro wa barabara. Mwinamo uleule wa sentimita 1 kwa mita. Mdomo wa nje uwekeeni wavu mgumu, panya wasipande. Kesho chukua futi na mpira wa maji wa kupimia usawa, pima tofauti kati ya sakafu ya nyuma na mtaro wa barabara, halafu nitumie vipimo hapa nikuambie kama inatosha.